Mtoeni Langoni, Mleteni Uwanjani

Wapendwa wa Lubunga, ninyi wa ng'ambo hii ya mto hapa Kisangani mnaoamka kabla ya jogoo ili kuwahi mtumbwi wa kwenda Makiso, nina neno nanyi.

Mtu ninayetaka kumsema mnamjua. Leo asubuhi mmepita mbele yake mkiteremka kivukoni. Ameketi pale alipoketi jana, juu ya kipande cha gunia, magongo yake yamelala kando. Amenyoosha mkono. Mmoja wenu amempa faranga mia mbili, mwingine amempa salamu tu, mwingine amegeuza uso kwa sababu mfukoni hamna kitu na anaona haya. Jioni mtamkuta hapo hapo. Mimi nami nimempa noti, nikapanda mtumbwi roho yangu ikiwa nyeupe, nikihesabu kwamba Mungu ameona. Miaka mingi nimeishi hivyo. Leo ile noti inanichoma.

Someni Matendo ya Mitume, sura ya tatu. Kulikuwa na mtu aliyezaliwa kiwete, na kila siku walimbeba wakamweka kwenye mlango wa hekalu ulioitwa Mzuri, apate kuomba sadaka. Sisi wahubiri tukifika hapo tunakimbilia Petro na Yohana, tunakimbilia muujiza. Mimi siku hizi nimekwama kwa wale waliombeba. Hawatajwi majina, lakini fikirini kazi yao. Kumbeba mtu mzima si sawa na kubeba beseni la mihogo. Walimbeba kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni, jua na mvua, wala hatusikii kwamba walilipwa. Walimpenda yule ndugu! Na kwa mapenzi yote yale, kwa nguvu zote zile za mabega, walimfikisha wapi? Langoni. Walimtua mahali ambapo wengine wanapita kuingia ndani, yeye akabaki nje na kiganja chake.

Wapendwa, wabebaji wale ni sisi. Mabega tunayo. Huruma tunayo tele. Tumekosea mahali pa kumtua. Nami nimeandika karatasi hii kuwasihi jambo moja: mbebeni mumlete uwanjani, acheze.

Nasikia mama mmoja anaguna. Mtoto wangu hata kusimama hasimami, nawe unaniletea habari za mpira? Ndiyo mama. Tena nisikilize mpaka mwisho, kwa sababu habari hii ilianza na watu waliokuwa na hali mbaya kuliko ya mwanao.

Palikuwa na daktari Myahudi aitwaye Ludwig Guttmann. Aliikimbia Ujerumani mwaka 1939 pamoja na mke na watoto, mkimbizi kama wakimbizi tunaowajua sisi, akapokewa Uingereza. Mwaka 1944 alikabidhiwa wodi katika hospitali ya Stoke Mandeville, wodi ya askari waliovunjika uti wa mgongo vitani. Wakati ule mtu aliyevunjika uti wa mgongo alihesabiwa maiti inayosubiri siku yake. Alilazwa, akafunikwa shuka, akaachwa. Na kilichomuua mara nyingi hakikuwa risasi wala bomu. Vilikuwa vidonda vya kulala upande mmoja, na uchafu wa mkojo uliopanda hadi kwenye figo. Guttmann akakataa. Akaamuru wageuzwe usiku na mchana, akawaketisha, kisha akawatupia mpira. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ilipofunguliwa London, wagonjwa 16 wa vita walishindana kulenga shabaha kwa upinde na mshale kwenye uwanja wa hospitali. Miaka 12 baadaye, 1960, walikutana Roma wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23. Ndiyo Olimpiki ya walemavu, na nchi yetu Kongo ilifika huko kwa mara ya kwanza mwaka 2012, London.

Mnaona mambo yalikoanzia? Guttmann hakuanza na vikombe wala bendera. Alianza na kidonda. Mchezo kwake ulikuwa dawa.

Basi tuseme habari za dawa hiyo, maana wengi mnakaa na mgonjwa nyumbani na hakuna aliyewaeleza. Mtu anayeketi mahali pamoja tangu asubuhi, damu haiifikii ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na kiti. Ngozi inakufa taratibu, na kama hana hisia hapo hasikii maumivu. Siku kidonda kikitoa harufu, kimeshafika ndani. Mchezaji je? Anainuka kwa mikono, anaegemea kulia, anageuka kushoto, anaufuata mpira, na kila mara ngozi inapumua. Mtoto aliyepigwa na polio miguu yake inajikunja akiachwa amekaa tu. Goti linafungwa, nyonga inafungwa, hata siku mkimpatia chuma cha kumsimamisha mguu haunyooki. Akivutwa, akijinyoosha, akibingirika mchangani na wenzake, viungo vinabaki wazi. Na mabega! Mtu wa magongo au wa baiskeli ya kusukuma kwa mikono, mabega ndiyo miguu yake. Yakilegea, hatoki nyumbani. Yakikazwa na mchezo, anapanda mwenyewe kile kilima cha kutoka mtoni. Hapo sijagusa bado moyo, pumzi, choo, usingizi, vitu ambavyo mwili usiotikiswa unavipoteza, uwe na miguu miwili au usiwe nayo.

Lakini mimi ni mhubiri, na kuna jambo linalonishika zaidi ya misuli. Uwanjani, ndugu zangu, ndiyo mara ya kwanza mtu huyu anakasirikiwa kama mtu. Msicheke! Langoni kila mtu ni mpole kwake. Anasemeshwa kwa sauti ndogo, kama mtoto mchanga. Uwanjani mwenzake anamfokea: mbona hukunipa pasi? Mpinzani anamnyang'anya mpira bila kuomba samahani. Akikosa bao anazomewa, akifunga anarukiwa. Anahitajiwa! Bila yeye timu haijatimia. Hakuna sadaka duniani inayoweza kumpa mtu hilo.

Mtaniuliza: atachezaje? Nitawajibu kwa reli yetu. Nani hapa Lubunga hajui mto umezibwa juu yetu? Maporomoko ya Boyoma hayapitiki kwa meli. Je, wazee wetu walishuhudia mzigo ukiambiwa urudi ulikotoka? La. Kuanzia hapa Lubunga ilitandikwa reli hadi Ubundu, kilomita 125, ikafunguliwa mwaka 1906; mzigo ukashuka majini, ukapita nchi kavu, ukarudi majini, safari ikaendelea. Kanuni za michezo hii ndivyo zilivyo. Mahali mwili umezibwa, kanuni inatandika reli.

Chukueni voliboli ya kukaa. Waholanzi waliianza katika miaka ya 1950. Wachezaji sita kila upande, wote wameketi chini, uwanja mita 10 kwa 6, wavu wa wanaume una kimo cha mita 1 na sentimita 15, wa wanawake mita 1 na sentimita 5. Sheria kubwa ni kwamba ukigusa mpira makalio yasiachane na ardhi. Basi! Mnahitaji nini? Mchanga tunao. Miti miwili tunayo. Wavu, mvuvi yeyote wa Lubunga ana uliochakaa. Mwenye mguu mmoja, asiye na miguu, mwenye miguu miembamba ya polio, wote wanalingana kwa kimo cha kukaa. Nami nasema hata sisi wenye miguu mizima tuketi nao tucheze. Tutashindwa vibaya, kwa maana wao wamezoea kutembea kwa mikono. Kushindwa huko kutatufaa.

Kuna mpira wa miguu wa waliokatwa miguu. Kila timu watu saba. Sita wanakimbia kwa magongo mawili na mguu mmoja, golikipa ni mtu mwenye mkono mmoja. Gongo likigusa mpira kwa makusudi, ni kosa kama kushika kwa mkono. Dakika 25, mapumziko, dakika 25 tena. Jirani zetu wa Angola, nchi iliyojaa mabomu ya kutegwa ardhini, walichukua Kombe la Dunia la mchezo huu mwaka 2018 kule Meksiko. Watanzania wana timu yao, Tembo Warriors, iliyofika robo fainali ya dunia Istanbul mwaka 2022. Ni watu wanaoongea Kiswahili hiki hiki ninachoandika. Kama mtoto wa Tanzania amefika Istanbul kwa magongo, wa Lubunga anazuiwa na nini kufika uwanja wa Stade Lumumba, ng'ambo tu ya maji?

Wasioona wana mpira wenye kengele ndani, na watazamaji wanatakiwa wanyamaze kimya ili sauti isikike. Mkenya Henry Wanyoike alikuwa kijana mwenye macho mazima mpaka mwaka 1995 alipopata kiharusi, akapoteza kuona. Miaka mitano baadaye, huko Sydney, alikimbia mita 5,000 akiwa ameshikana na mwongozaji wake. Karibu na mwisho mwongozaji akaishiwa nguvu. Asiyeona ndiye aliyemvuta anayeona mpaka wakafika, akapata dhahabu! Rudieni kusoma sentensi hiyo, wapendwa, kisha mniambie nani alikuwa anambeba nani.

Na mto? Tunaishi juu ya maji, tunakula maji, tunavuka maji kila siku, na hatujawahi kufikiri kwamba aliyeketi ndani ya mtumbwi hakuna ajuaye miguu yake ikoje. Kafi inadai mabega, na mabega anayo. Mashindano ya kupiga kafi kwa walemavu yaliingia katika Olimpiki yao mwaka 2016, Rio. Wavuvi wetu wana ujuzi ambao nchi nyingi zinaununua kwa fedha nyingi. Mzee mvuvi, mfundishe kijana mmoja. Mmoja tu. Mvike koti la kuelea, mwende penye maji tulivu karibu na ukingo, kamwe msikaribie mkondo, wala asiachwe peke yake. Mikono iliyozoea kuomba itajifunza kuvusha watu, nao watamlipa nauli.

Niwaonye pia, maana bidii bila akili inaumiza. Hapa tupo karibu kabisa na mstari wa ikweta. Aliyevunjika uti wa mgongo mara nyingi hatoki jasho sehemu ya chini ya jeraha, na joto linamzidi upesi. Acheze jioni, maji yawe karibu, na kitambaa kibichi cha kumwekea shingoni. Ndugu zetu wenye ualbino wavae kofia na mikono mirefu, wacheze jua likiwa limelegea. Aliyekatwa mguu akaguliwe ngozi kila baada ya mchezo. Kiziwi asipigiwe filimbi, apungiwe kitambaa. Mtoto ambaye akili yake inakwenda polepole apewe nafasi yake na uvumilivu wenu, atawafundisha furaha.

Sasa nifike pagumu.

Kuna watoto ambao hata langoni hawajafika. Wako nyuma ya nyumba. Mgeni akija, mlango wa chumba unafungwa. Kisa? Wameambiwa kwamba mtoto ni laana, kwamba bibi alimroga, kwamba mama alimuuza tumboni, na wako wanaojiita watumishi wa Mungu waliolisema hilo wakapokea na pesa juu yake. Katika Yohana sura ya tisa wanafunzi walimuuliza Yesu swali hilohilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu: ni nani alikosa, yeye au wazazi wake? Akawajibu kwamba si yeye wala si wazazi. Jibu ni hilo, limeshatolewa, hakuna rufaa. Polio ni kirusi, kinaingia kwa maji machafu na mikono michafu, kinazuiwa na matone ya chanjo. Mwenye kumzuia mtoto asichanjwe, kisha akamwita mchawi akilemaa, atajibu mbele za Mungu mara mbili. Na ninyi ndugu zetu Waislamu, ambao Kiswahili na msikiti vilifika nanyi kwenye mto huu, mnayo sura inayoanza na kukunja uso, iliyoshuka kwa sababu ya kipofu mmoja aliyekuja kutafuta elimu. Baadaye kipofu huyo alikuwa mwadhini wa Mtume. Basi tusikunje uso, wa kanisani na wa msikitini.

Na wako waliolemazwa na vita. Nani Kisangani hajui zile siku sita, tangu 5 hadi 10 Juni 2000? Majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana juu ya vichwa vyetu. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliohesabu baadaye uliandika mabomu zaidi ya 6,600, raia waliokufa zaidi ya 760, na majeruhi wapatao 1,700. Majeruhi wale hawakuisha pale. Wamezeeka na vipande vya chuma mwilini. Kisha mwaka 2023, hapa hapa Lubunga, bila jeshi la kigeni, Wambole na Walengola tukauana kwa ajili ya ardhi, nyumba zikachomwa, watu wakavuka mto na magodoro kichwani.

Biblia inamjua mtoto wa namna hiyo. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa na miaka mitano habari za vita zilipofika. Mlezi wake akamnyakua akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Hakuzaliwa hivyo. Hakulaaniwa. Aliangushwa na aliyempenda, wakati wa kukimbia. Akakua amefichwa Lo-debari, nyumbani mwa mtu mwingine, na mbele ya mfalme Daudi alijiita mbwa mfu. Daudi alipomkuta hakumtumia sadaka huko mafichoni. Alimleta mezani pake, akaketi pamoja na wana wa mfalme, siku zote. Na mtu akiketi mezani, wapendwa, miguu haionekani.

Nitasema neno litakalowauma. Timu ya kwanza ya voliboli ya kukaa kutoka kusini mwa Sahara kufika kwenye Olimpiki ya walemavu, London 2012, ilikuwa ya Rwanda. Najua jina hilo linavyosikika mjini kwetu. Sifuti kaburi hata moja ninapolitaja. Lakini katika timu ile walikuwamo watu waliopigana katika pande mbili zilizokuwa zikiuana. Dominique Bizimana alikuwa mpiganaji wa RPF, akapoteza mguu. Aliketi sakafuni upande mmoja wa wavu pamoja na mtu wa jeshi alilokuwa akilipiga risasi, naye amekatwa mguu, wakapeana mpira. Miaka minne baadaye wanawake wa nchi hiyo nao wakafika Rio. Kama hao waliweza baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, Mmbole na Mlengola wa Lubunga wanashindwa nini? Waketisheni mchangani. Msiwapange kabila upande huu na kabila upande ule; wachanganyeni. Mtu hawezi kumchukia kwa muda mrefu aliyempa pasi ya ushindi.

Kwenu viongozi nitasema machache, kwa kuwa mambo yenu yameshaandikwa. Katiba yetu, ibara ya 49, imewapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki zao, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2015, unataja michezo kwa jina lake katika ibara ya 30. Sheria ya 3 Mei 2022 imetungwa kwa ajili yao. Mahakama ya Kimataifa iliiamuru Uganda mwaka 2022 ilipe nchi yetu fidia ya vita, dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 225 ni kwa ajili ya watu waliouawa na kuumizwa. Bwana burgumesta, hatuombi jumba. Tunaomba kipande cha ardhi kilichosawazishwa ambacho hakitauzwa mwakani, na njia ya kushuka kivukoni ambayo baiskeli ya magurudumu matatu inaweza kuipita. Walimu, mtoto wa magongo asiambiwe akae chini ya mwembe alinde mashati ya wenzake wakati wa mazoezi. Mafundi wa kuchomelea, ninyi mnaotengeneza baiskeli za toleka zinazobeba magunia mpaka porini, chuma cha magongo kinawashinda? Na sisi wa makanisa tuna viti vya plastiki, tuna spika, tuna uwanja uliofagiwa unaokaa mtupu tangu Jumatatu hadi Jumamosi. Ni wetu au ni wa Mungu?

Basi tuanze Jumamosi hii, saa kumi jioni. Sina mpango mkubwa. Mvuvi alete wavu wake mkuukuu. Vijana wa mpira wakate miti miwili na kuchora mistari kwa majivu. Mama wa maandazi, ulete ndoo ya maji safi na kikombe. Yule wa kivukoni nimekwisha kuongea naye. Ameniuliza kama kweli hatutamwomba aimbe au atoe ushuhuda, nikamwambia hapana, tunakosa mtu wa kupiga mpira upande wa kushoto. Amenyamaza kidogo, kisha akauliza saa.

Kutoka kwake hadi uwanjani ni mbali kwa magongo, na mvua imeharibu njia. Wanahitajika watu wanne. Watatu nimewapata.